Kabla Hawajamvisha Simiyu Jezi Yako

Baba Paroko, mwenyeji wetu na mchungaji wa kundi hili, Padre mgeni, mlezi wa timu ya chuo, uliyevuka mpaka wa nchi jana kuja kuketi nasi, Kocha msaidizi uliye kando yake, Bwana Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Scarborough pamoja na kamati yako, Mzee Barasa na wazee wenzako, Mama yangu, ndugu, majirani na marafiki mliotoka Thorncliffe Park, Pickering na kwingineko: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Ratiba inasema kwamba sasa ni zamu ya familia kutoa shukrani. Shukrani zipo, na mtazikuta jikoni, ambako akina mama wamesimama tangu asubuhi. Mimi, Nekesa, kifungua mimba wa nyumba hii, nimeandika kitu kingine. Nimemwandikia marehemu ndugu yangu barua. Leo tunaanua matanga, na kwetu Bungoma mwenye neno na marehemu hulisema siku hii, mbele ya watu, au hulimeza hadi naye afukiwe. Sina nia ya kulimeza. Naomba nisikatizwe. Ndugu Mulongo ataketi nyuma ya wageni wetu na kuwatafsiria, na namwomba asiyapunguze makali maneno yangu kwa ajili ya adabu. Adabu nitaibeba mwenyewe.

Wafula, mdogo wangu,

Theluji imekwisha. Miti iliyo nyuma ya jengo letu imetoa majani, na lifti moja bado ni mbovu. Mama amerudi kazini katika makao ya wazee. Anasema wale vikongwe wa Kizungu ndio watu pekee katika mji huu wasiomwambia kwamba Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Wao humwuliza tu kama amekula. Simiyu, mdogo wetu, amerefuka tena. Ukimwona kwa nyuma, amesimama mbele ya friji lililo wazi akitafuta kisichokuwamo, ni wewe kabisa, na Mama ameacha kuingia jikoni Simiyu akiwamo. Viatu vyako bado viko nyuma ya mlango. Hakuna katika nyumba yetu mwenye mguu wa kuvijaza wala mwenye moyo wa kuvitupa.

Chuo chako kimetuma maua, kisha kadi iliyotiwa sahihi na wachezaji wote, kisha picha yako kubwa ndani ya fremu. Umeruka, mkono umeupeleka juu, na nyuma yako, kwenye benchi, anaonekana Padre katika kola yake nyeupe, ameshikilia magoti kwa wasiwasi wa ushindi. Picha hiyo imesimamishwa hapa mbele, karibu na mshumaa. Nimeitazama tangu Misa ilipokwisha. Kila mtu katika picha ile anautazama mpira. Hakuna anayekutazama wewe.

Tumeketi katika ukumbi ule ule, Wafula, chini ya kanisa, pale ulipojifunza mpira wa kikapu. Vijana wamekunja ule ubao wa kapu na kuufunga kwa kamba ili usiwagonge wazee vichwa. Wanaokujua kwa televisheni tu hawajui kwamba bomba la maji ya moto limepita katikati ya dari hii, chini kiasi cha kumfanya mtu mrefu atembee kama anayeomba radhi. Sheria yenu ilikuwa moja: mpira ukigusa bomba, umepotea. Ndiyo maana hukujifunza kuutupa juu kama wengine. Uliurusha ukiwa umenyooka, wenye haraka, kama mtu anayefunga mlango. Yule kocha aliyekuja kukutazama alikuuliza, "Nani aliyekufundisha kurusha hivi?" Ukamjibu, "Bomba." Akacheka, akadhani ni jina la mtu.

Mzee Barasa alikuwa akishuka baada ya mafundisho ya katekisimu na kusimama mlangoni, mikono nyuma. "Ninyi vijana," alisema, "huu ni mchezo gani wa kutia mpira kwenye kapu lililotoboka? Kwetu mwanamke akiuziwa kapu la namna hii angelirudisha sokoni." Nawe ukamjibu bila kugeuka, "Mzee, wewe ulikuwa golikipa. Ulipitisha mipira mingi kuliko kapu hili." Alicheka hadi akashika ukuta. Alikupenda, Wafula. Nataka hilo lijulikane kabla sijafika ninakokwenda.

Mimi ni mwalimu wa historia, na mwalimu wa historia akifiwa hufanya linalomjia mkononi: husoma. Nilitaka kuelewa kwa nini chuo kidogo cha mapadre, ambacho wewe mwenyewe ulisema jengo moja la Thorncliffe lina watu wengi kukishinda, kinawaangusha majitu ya vyuo vya serikali kila mwezi wa tatu, kwenye mashindano yao, nchi nzima ikitazama. Nilichokipata si siri wala si muujiza. Ule mpira wao wa helmeti unahitaji jeshi zima la vijana, na viwanja vya kulilisha. Kikapu kinataka watano, wachache wa kuwapokea, na ukumbi. Nani aliyekuwa na kumbi katika miji mikubwa? Parokia. Watoto wa wahamiaji maskini, Waairishi na Waitalia na Wapolandi, walidunda mpira chini ya makanisa kama ulivyodunda wewe, kisha wakachukuliwa na vyuo vya mapadre vilivyojengwa kwa ajili yao, kwa kuwa vyuo vya wakubwa havikuwataka. Hilo lilikuwa tendo jema. Nalikiri hadharani, na ninalikiri mbele ya Padre.

Kisha wale watoto wakasoma, wakawa mawakili na madaktari, wakahamia kwenye nyumba zenye bustani. Watoto wao wakaenda chuo kile kile kusoma, wala si kuruka. Kapu likabaki palepale likihitaji miguu ya kijana wa chini ya kanisa. Ndipo sisi tulipoonekana. Chuo ambacho hakuna aliyelijua jina lake hushinda mchezo mmoja mbele ya kamera, na msimu unaofuata wazazi wa nchi nzima wanataka watoto wao wasome hapo. Mtakatifu aliyekipa chuo jina lake hutajwa na watangazaji mara nyingi zaidi katika wiki moja ya mashindano kuliko katika sala za mwaka mzima. Wewe uliniambia kwa simu, ukicheka, "Dada, huku tumesali novena nzima, siku tisa, ili mrefu wetu apone mafua kabla ya Jumamosi." Nami nikacheka. Nilidhani unanichekesha kuhusu mafua.

Lakini chuo hakikutudanganya, na hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kukaa ikageuka kuja nyumbani. Walituambia wazi kwamba wanataka mchezaji. Sisi ndio tuliosikia kitu kingine.

Kumbuka siku ya kukuaga. Ulipigishwa magoti mbele ya altare. Mzee Barasa aliweka mikono juu ya kichwa chako. Kwaya iliimba nyimbo ambazo kwetu huimbwa kijana anapokwenda seminari, na Mama, akiwa amevaa kitenge cha Pasaka, akayatamka maneno ambayo akina mama wa Bungoma huwatamkia wana wao kwenye lango la seminari: "Nimekutoa, sitakudai." Kanisa zima likajibu amina. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, nikauona uso wako. Ulikuwa umetahayari. Ulikuwa unakwenda kusomea uhasibu na kurusha mpira, nasi tukakufanyia ibada ya mtu anayekwenda kuwekwa wakfu.

Wote mliomo humu mnaijua desturi hiyo, na mnajua ukali wake. Mtoto aliyetolewa kwa Kanisa hafuatwi nyuma. Wazazi hawaendi kumtembelea mwaka wa kwanza, wasije wakamvuta moyo. Hawaulizi anakula nini. Akilalamika, hapewi sikio. Anapewa sala, kwa sababu malalamiko ya mseminari ni sauti ya shetani anayemwita arudi nyumbani. Desturi hii iliwapa baba zetu mapadre wazuri. Tukaichukua, tukaipakia kwenye sanduku pamoja na unga na majani ya chai, tukaivusha bahari, na siku tuliposikia kwamba kuna chuo kinachoongozwa na mapadre, hatukuuliza chuo cha nini. Tulisikia neno padre, tukapiga magoti.

Katika mkutano wa kukuandaa, niliuliza swali moja. Niliuliza, akiumia, nani atamtibu, na akishindwa kucheza, nafasi yake ya kusoma inabaki au inaondoka? Mliokuwapo mnakumbuka. Mzee Barasa aliniangalia kwa upole na kusema, "Nekesa, mwanangu, Kanisa ni mama. Mama hawekewi mkataba." Ukumbi ukapiga makofi. Mtu mmoja nyuma akaongeza, "Hawa waliosoma hapa wameanza kuongea kama mawakili," na makofi yakapigwa tena. Niliketi, Wafula. Swali langu lilibaki limesimama peke yake.

Mwenzako wa chumbani, yule mchezaji mfupi wa ulinzi mwenye maneno mengi, alikuwa na mama Mbaptisti. Mama yule hakuwa na habari yoyote na mapadre. Alimpigia kocha simu kila wiki. Ulinisimulia kwamba simu ilipolia siku ya Jumatatu, kocha aliwaashiria makarani waseme hayupo, na kwamba anamwogopa mama yule kuliko anavyomwogopa refa. Kijana yule alipoteguka bega, alipelekwa kwa mabingwa wawili kabla jua halijatua. "Mama yake ana sauti, Dada," ulisema. Ukanyamaza kidogo, kisha ukauliza kama Mama yetu yuko salama. Sasa naisikia ile nafasi katikati ya maneno yako. Wakati ule nilisikia tu simu ya mbali.

Mama yetu ana sauti pia. Wanaomfahamu wanajua kwamba akiuziwa samaki aliyelala, duka zima la Scarborough husikia. Lakini kwako alikuwa amefungwa mdomo na neno lake mwenyewe, neno alilolitoa mbele ya altare. Ulipompigia ukasema unasinzia darasani kwa uchovu, kwamba mazoezi ya alfajiri na safari za michezo zimekula masomo, alikujibu, "Vumilia, mwanangu. Hata Bwana alianguka chini ya msalaba." Ulipompigia Januari ukasema goti limevimba na kwamba unachezeshwa hivyo hivyo, Mzee Barasa alikuwa nyumbani kwa chai, akaipokea simu na kukuambia, "Usitazame nyuma kama mke wa Lutu." Alikata simu akiwa ameridhika. Baada ya hapo hukumpigia Mama tena kuhusu mwili wako. Ulimpigia kumwambia alama za michezo.

Halafu mashindano. Ukumbi huu ulijaa siku ile kama Krismasi. Televisheni ilikuwa pale, juu ya meza ya maji ya baraka, na vijana walipanda juu ya viti. Ulirusha mara ya kwanza na bomba la dari likapigiwa vigelegele. Kipindi cha pili uliruka, ukatua juu ya mguu wa mtu, na kifundo chako kikapinda kuelekea upande ambao kifundo hakipaswi kwenda. Ulilala sakafuni. Padre akainuka kwenye benchi, akaja, akapiga goti, akaweka mkono juu ya paji la uso wako. Na humu ndani, ndugu zangu, watu walilia kwa furaha. Naiambia barua hii ukweli: walilia kwa furaha. Mwanamke mmoja aliushika mkono wa Mama na kusema, "Umeona? Padre yuko pale pale." Mimi nilikuwa nikitafuta daktari kwenye ile skrini. Alikuja baadaye, akitembea.

Mlishinda. Timu ikapanda ndege kwenda kucheza mchezo wa pili, nawe ukabaki chumbani na plasta hadi karibu na goti. Kocha alikuambia kwamba habari ya nafasi yako ya mwaka ujao "tutaiangalia mguu ukipona." Ulinieleza maneno hayo mara tatu, kila mara ukiyasema kwa sauti tofauti, kama mtu anayejaribu funguo.

Kisha ikaja Juma Kuu. Chuo cha dini, Wafula, kilifunga mabweni yake ili kila mtu aende kuadhimisha mateso na ufufuko. Timu iliyokuwa imesafirishwa kwa ndege kwa ajili ya mchezo haikupata njia ya kumsafirisha kijana mwenye plasta kwenda kwa mama yake. Ulipelekwa kwenye kituo cha mabasi. Ulikaa siku nzima kwenye kiti ambacho hata Simiyu asingeweza kukunjulia miguu, na mpakani ulishuka kwa magongo kukaguliwa begi. Ulifika Alhamisi Kuu. Ulituambia kwamba shavu la mguu linawaka ndani ya plasta. Mama, aliyetoka zamu akikimbilia Misa ya kuosha miguu, alikubusu na kusema, "Tuyaunganishe na maumivu ya Bwana."

Jumamosi nilikupigia simu kutoka kwangu, nikakuambia nakuja kukuchukua, twende hospitali. Ulikataa. Ulifanya mzaha kwanza, kama kawaida yako: "Mguu huu una maneno, Mwalimu, ila umefungwa mdomo." Kisha ukasema kweli. Ulisema hospitali itaandika, kilichoandikwa kitamfikia kocha, na kocha akijua kuna tatizo lingine hatakuwa na la kuangalia. Nilipandisha sauti. Ukaniambia nisiharibu Pasaka ya Mama.

Jumatatu ya Pasaka uliinuka kwenye kochi kwenda kujimiminia chai. Simiyu anasema ulisema tu, "Ngoja kidogo," kama vile kuna mtu aliyekuwa akikuharakisha.

Daktari wa hapa alitueleza kwa subira. Damu iliganda katika mguu uliofungwa, ikasafiri, ikaziba mshipa wa mapafu. Alisema ni hatari inayojulikana, hasa kwa mtu mwenye plasta aliyeketi safari ndefu bila kuusogeza mguu. Akauliza kama hakuna aliyetueleza dalili, kama hakuna aliyeuliza chuoni iwapo kijana anafaa kusafiri hivyo. Mama akasema, "Hatukuuliza." Alilisema kwa Kiswahili. Daktari alinitazama akisubiri tafsiri, na sikumpa.

Wafula, Padre wako yupo hapa, kiti cha mbele. Kama Mulongo ametafsiri kwa uaminifu, wakati huu anatazama viatu vyake. Sisemi ni mtu mbaya. Ulinieleza kwamba alikuletea supu ulipougua, na kwamba alijifunza kusema "habari ya asubuhi" kwa ajili yako. Alizungumza vizuri makaburini kule Pickering. Alisema umemaliza mchezo wako na sasa umeketi kwenye benchi ya Bwana. Watu waliitikia. Mimi nilisimama nikiwa na udongo mkononi nikijiuliza: mtu aliyekaa benchi moja na wewe msimu mzima, aliyekubariki kabla ya kila filimbi, alikuwa wapi ulipokuwa ukipanda basi? Nimepata jibu, nalo ni jepesi mno kiasi cha kuudhi. Alikuwa anaandaa liturujia ya Ijumaa Kuu. Kila mmoja katika habari hii alikuwa akisali. Hakuna aliyekuwa akikuangalia.

Sasa nikueleze walichokipanga leo, kwa sababu ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mbele hapa, kando ya picha yako, kuna sanduku la kadibodi lenye utepe. Ndani yake kuna jezi yako. Kamati, kwa nia njema, imepanga kwamba baada ya maneno ya familia Kocha msaidizi amwite Simiyu na kumvisha jezi hiyo, kisha atangaze kwamba chuo kiko tayari kumpokea akimaliza shule. Picha zitapigwa. Wageni hawajui wanachokifanya. Kwao ni heshima, kama kumpa mtu bendera. Lakini ninyi wazee mnajua. Kwetu, nguo ya marehemu haivishwi mtu ovyo. Anayevishwa siku ya kuanua matanga, mbele ya ukoo, ameshika nafasi ya aliyekufa. Anachukua majukumu yake, safari zake na madeni ya moyo wake, na kukataa baadaye ni kumtukana marehemu. Mliposikia mpango huu, mmoja wenu alipaswa kusema. Mlisema, "Ni jambo zuri, Kanisa halijatusahau."

Nilimwuliza Simiyu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alinijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wetu wote, nami nakuletea kwa lugha yetu: "Dada, sijui kama nataka kucheza au nataka tu Mama aache kulia." Ana miaka kumi na saba. Anajua kurusha vizuri kuliko wewe, na wewe ulilijua hilo, ndiyo maana ulikuwa ukimsukuma kwa kiwiko. Pengine atacheza. Pengine atakwenda chuo hicho hicho, na atakipenda. Lakini hataingia humo akiwa amevaa mtu aliyekufa, na hataingia humo kama sadaka.

Asubuhi hii, kabla hatujaja, nilimsomea Mama barua hii yote. Alisikiliza akikunja vitambaa vya meza. Nilipofika kwenye maneno yake ya altare, aliniambia ninyamaze. Kisha akasema, mbele yangu na mbele ya Simiyu: "Nilisema sitamdai. Namdai. Waambie namdai." Nimeagizwa niwaambie, na nimewaambia.

Kwaheri, Wafula. Sikuombi utuombee. Tumekutumikisha vya kutosha. Lala ukiwa na miguu yako yote miwili mizima, mahali ambapo hakuna anayekusubiri upone. Ninakuahidi jambo moja nililo na uwezo nalo: simu ya kila Jumatatu. Mtoto yeyote wa kanisa hili atakayekwenda kucheza kokote, kwa mapadre, kwa Wabaptisti au kwa wasioamini, kocha wake ataijua sauti yangu kuliko anavyoijua filimbi, na atakapowaashiria makarani waseme hayupo, nitapanda gari niende nikamkute.

Dada yako,
Nekesa.

Bwana Mwenyekiti, barua imekwisha. Uamuzi wa familia ni huu. Jezi haitavishwa mtu leo wala siku nyingine. Sanduku litakabidhiwa kwa Mama, kama lilivyo, na nafasi ya Wafula katika ukoo itabaki bila mrithi. Hilo ni letu na halina mjadala.

La kwenu ni jingine. Familia inautaka mkutano huu uache, kuanzia leo, ibada ya kumtoa mtoto yeyote anayekwenda chuoni kusoma na kucheza. Ibada hiyo ibaki kwa wanaokwenda seminari. Badala yake, mtachagua hapa hapa watu watatu, mmoja wao awe muuguzi, wa kumfuata kila mtoto anayeondoka: kwenda kukiona chuo, kuuliza anatibiwa na nani, anarudishwa nyumbani vipi akiumia, na nafasi yake inalindwa na nini akishindwa kuruka. Wataanza na Padre na Kocha, katika chumba cha katekisimu, kabla hawajapanda gari kurudi. Hakuna atakayemzungumzia Simiyu mpaka hao watatu watoke chumbani na majibu.

Mzee Barasa, wewe ndiye mkubwa wa desturi katika ukumbi huu, na huu si uamuzi unaoweza kupita juu ya kichwa chako. Naomba usimame uwaulize watu. Wanaokubali wainuke, na wanaokataa wabaki wameketi, ili Mama awaone.